Fundi Fremu wa Wachoraji wa Pasteli

Oliva na wenzako, mliniomba niandike namna ya kufunga picha ya pasteli ndani ya fremu, kwa sababu mnasema nikieleza kwa mdomo naruka hatua. Nilianza vizuri. Nilipofika hatua ya tatu nikajikuta nasimulia habari za watu, nikaona niache iwe hivyo. Hatua mnazijua. Watu ndio hamkuwakuta wote.

Kwa atakayejiunga baadaye asiyejua lolote, chama chetu ni cha wachoraji wa pasteli wa mkoa huu. Pasteli ni rangi kavu iliyokandwa ikawa kijiti, laini kuliko chaki ya shuleni. Ukiipitisha kwenye karatasi yenye kukwaruza kidogo, unga wake unabaki pale juu. Hauingii ndani kama wino, wala haukauki, kwa kuwa haukuwahi kuwa mbichi. Picha hiyo inaweza kukaa kuliko maisha ya aliyeichora, na kiwiko cha mtu mmoja kinaweza kuimaliza kabla ya chai. Kwa hiyo inahitaji kioo, kioo kinahitaji fremu, na fremu ikanihitaji mimi, Kastori. Vyeo sitavigusa. Chama kilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na fundi. Wale watatu walibadilishwa kila uchaguzi.

Kabla ya hapo nilikuwa seremala wa Majengo, hapa Sumbawanga, nyuma ya maduka ya nguo. Nilitengeneza vitanda na milango, na majeneza yalipohitajika. Siku moja akaja mwanamke mrefu aliyevaa sweta mbili, vidole vyake vina rangi ya udongo mpaka kwenye kucha. Alikuwa Mwalimu Gaudensia, mwalimu wa sanaa, ndiye aliyeanzisha chama. Aliniachia picha ya mama yake ikiwa imelala juu ya ubao, akaniambia nipime fremu, atarudi saa kumi.

Nilipoitazama kwa karibu niliona imejaa vumbi. Nilikuwa fundi mwenye adabu, sikutaka kumrudishia mteja kitu chenye vumbi. Nikachukua kitambaa, na nasisitiza kilikuwa safi, nikapangusa mara moja kutoka sikioni kwenda kidevuni. Shavu la yule mama likaondoka lote, pamoja na upande wa kilemba chake.

Kuanzia saa hiyo mpaka saa kumi sikupiga randa hata mara moja. Nilikuwa natafuta uongo. Nilifikiria upepo, maana upepo wa Sumbawanga unabeba lawama nyingi. Nilifikiria paka. Mwalimu alipofika aliitazama picha, kisha akakitazama kitambaa mezani.

“Mama yangu yuko kwenye kitambaa chako,” alisema.

Nikaomba radhi. Hakunifokea. Aliniuliza kama nina kazi nyingine mchana ule, nikasema sina. Akanikalisha, akanipa karatasi na vijiti viwili vya pasteli, akaniamuru niichore randa yangu. Nilichora kitu kilichofanana na kiatu. Akanifundisha kukigusa kwa kidole, kwa kiganja, kwa mkono wa shati, nione kinavyoshika na kinavyoachia. Giza lilipokaribia akakusanya vitu vyake, akaniambia nije chamani kesho yake, kwa kuwa hataki fundi mwingine naye ajifunzie kwa mama yake.

Shavu alilichora upya wiki ileile. Alisema la pili limekuwa zuri kuliko la kwanza. Niliamua kumwamini, kwa sababu nilihitaji sana kumwamini.

Chama kilikuwa na vyumba viwili vilevile mnavyovijua, ila wakati huo kimoja kilivuja. Jumamosi walikuja walimu, muuguzi mmoja, dereva wa lori la mahindi, na wakulima wawili watatu kutoka kijiji cha Mollo. Boksi la pasteli alilokuwa nalo Mwalimu lilikuwa limebaki vipande vya ukubwa wa harage, kwa hiyo tulitengeneza vya kwetu. Udongo mwekundu tuliuchukua palipochongwa barabara ya Mollo, wa manjano kwenye kingo za kijito, mweupe kwa wanaosiliba nyumba, na mweusi ulikuwa mkaa. Tuliutwanga, tukauchekecha kwa kitambaa chepesi, tukaukanda na maji ya gundi ya mgunga. Gundi ikizidi, kijiti kinakwaruza karatasi kama msumari. Ikipungua, kinageuka unga mkononi. Rangi ya bluu ilitushinda. Mwaka mmoja tulijaribu bluu ya kufulia nguo, tukachora anga tukajipongeza. Miezi michache baadaye ilikuwa imepauka, na picha zote za msimu ule zikawa na mawingu.

Katika wakulima wa Mollo alikuwepo Mzee Odilo. Mwanzoni hakuja kuchora. Alikuwa na maksai mzee aitwaye Waziri, aliyelima naye misimu mingi kiasi kwamba walijua kona za shamba bila kuambiana. Waziri alikuwa amechoka, na mzee alitaka abaki na sura yake. Alimswaga mpaka uani kwetu, akamfunga kwenye mwembe mchanga ambao Waziri aliumaliza siku hiyohiyo. Wanachama wote walimchora, Jumamosi tatu mfululizo. Mzee Odilo alipita nyuma yao akiwakosoa kwa upole: pembe ya kushoto iko chini zaidi, huyu wenu ni ng'ombe wa mtu mwingine. Mwishowe alimwomba muuguzi pasteli yake amwonyeshe hiyo pembe. Hakuirudisha. Alijiunga na chama akiwa na umri wa kupumzika, na mpaka alipofariki hakuchora kitu kingine zaidi ya ng'ombe. Alipoulizwa kwa nini hachori watu alijibu kwamba watu bado hajawafahamu vya kutosha.

Mimi nilijifunza kazi polepole. Nilijifunza kwamba picha ya pasteli husafiri ikiwa imelala, uso juu, kwenye godoro la sponji, na fundi akiwa pembeni yake, siyo mbele na dereva. Nilijifunza kukata kioo kwa mkono usiosita, kwa sababu kioo kinajua mtu anayeogopa. Zaidi ya yote nilijifunza vipapi. Ni vijiti vinne vya mbao, vyembamba kuliko kidole cha mtoto, vinakaa pembeni kati ya kioo na karatasi ili kioo kisiguse picha. Nje havionekani. Mtu anaweza kununua fremu isiyo na vipapi akaisifia miaka mingi. Mwalimu Gaudensia alikuwa akisema kazi yangu yote iko katika ile nafasi tupu.

Sasa nifike Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, maana ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo, ingawa nimejichelewesha.

Mwalimu alitaka watu wa ziwani nao waone picha. Kipindi cha likizo tukapewa darasa moja kule, tukapakia lori, tukapita Namanyere, tukateremka ule mteremko wa kuelekea ziwani nikiwa nimelala nyuma, mikono imetanuliwa juu ya picha kama kuku anayeatamia. Tulikaa wiki nzima. Watu walikuja baada ya kuanika dagaa, wakatazama, wakauliza kwa nini tumewachora ng'ombe wengi hivyo.

Kule Mwalimu alimchora Mzee Hamisi, fundi wa kutengeneza mitumbwi. Alikuwa na ndevu nyeupe fupi na jicho moja alilolikunja kidogo, kwa mazoea ya kutazama kama ubao umenyooka. Alikaa kuchorwa kwa sharti kwamba nami nikae pale, apate mtu wa kuzungumza naye mambo ya mbao. Aliziangalia fremu zangu, akagonga pembe kwa kidole, akaniambia fremu hizi zikitiwa majini zitazama kabla hujamaliza kusema bismillahi. Nikamwambia hazikutengenezwa kwa ajili ya maji. Akasema kila kitu Kabwe hatimaye hukutana na maji. Tulipendana sana kwa siku zile chache. Mkewe, Bi Zaituni, alituletea samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, na alipoiona picha ikikaribia kumalizika alisema huyo ndiye. Tukamwahidi picha hiyo itabaki kwake.

Ilimalizika asubuhi ya kuondoka. Lori lilikuwa limeshapakiwa, dereva anapiga honi, na vipapi vilikuwa vimeniishia kwenye fremu nyingine. Kukata vingine kungechukua nusu saa. Nilitazama huku na huku, nikalaza kioo moja kwa moja juu ya uso wa Mzee Hamisi, nikapigilia misumari nyuma, nikaikabidhi. Nilijiambia tukirudi mwakani nitaifungua niirekebishe. Sikumwambia Mwalimu.

Mwaka uliofuata hatukwenda. Mwaka mwingine tulikwenda mahali pengine. Kisha tukasikia Mzee Hamisi amefariki kwa homa. Niliikumbuka ile picha siku hiyo, na siku chache zilizofuata. Baadaye nikaacha kuikumbuka, jambo ambalo ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri.

Miaka ikapita. Macho ya Mwalimu Gaudensia yakaingia ukungu, akaenda kuishi kwa mdogo wake Mollo. Oliva akaja chamani, akasimama meza ya pili, akaanza kuniuliza kwa nini kila kitu kiko kilivyo. Ni wewe, Oliva, lakini naandika kwa ajili ya wengine pia, kwa hiyo vumilia kutajwa.

Asubuhi moja ya baridi kali Bi Zaituni akaingia karakanani akiwa amepakata kitu kilichofungwa kwa kanga mbili. Alikuwa amezeeka, nami nilikuwa nimezeeka, ikabidi tuulizane majina. Nikamwamkia shikamoo. Akafungua kanga. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye picha, na uso wa Mzee Hamisi ulikuwa umenata kwenye kioo kwa mabaka meusi, kama kitambaa kinavyonata kwenye kidonda. Ukungu mweupe ulikuwa umeota shingoni.

Oliva aliigeuza, akachungulia pembeni kwenye ufa wa mbao. Akaniuliza kwa sauti ya chini vipapi viko wapi.

Kabla sijajibu Bi Zaituni alianza kueleza. Alisema wanawe wamekuwa wakimlaumu kwa miaka miwili sasa. Picha aliitundika ukuta unaotazama ziwa, kwa kuwa marehemu alipenda kuona mitumbwi ikitoka. Wanawe walimwambia aihamishe, akakataa. Ilipoanza kuharibika walimwambia ni ukaidi wake uliomwua baba yao mara ya pili. Alikuwa amekuja kutafuta msaada, lakini zaidi, nadhani, alikuwa amekuja kusikia hukumu.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nilikuwa na jibu lililo tayari, tena la kweli nusu: unyevu wa ziwa. Angelikubali, kwa sababu alikuwa ameshalikubali. Nilimtazama Oliva, naye alikuwa anatazama meza.

“Mama,” nikasema, “kosa si la ukuta. Kioo hiki hakikutakiwa kugusa picha. Kuna vijiti vinawekwa kati, na mimi sikuviweka. Nilikuwa na haraka siku ile. Nilijua.”

Alikunja kanga moja, akaikunjua, akaikunja tena.

“Kumbe si mimi,” alisema.

“Si wewe.”

“Basi wewe ndiye utakayeifungua. Usimpe mwingine. Nami nitakaa hapahapa.”

Alifikia kwa ndugu zake Majengo, akawa anakuja kila siku kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa. Kwanza tuliiweka ndani ya sanduku la mbao pamoja na mkaa mkavu uliofungwa kwenye gunia, unyevu utoke wenyewe. Hilo lilichukua siku sita. Siku ya saba nilitoa misumari, mmoja mmoja. Oliva alishika fremu, nikapitisha wembe mwembamba kati ya kioo na karatasi kutoka kila pembe, sehemu ya upana wa ukucha kwa wakati mmoja. Tulianza baada ya chai ya asubuhi. Adhuhuri iliadhiniwa, Bi Zaituni akaenda kuswali, akarudi, bado tulikuwa kwenye ndevu.

Kioo kilipoinuka, karibu nusu ya uso iliondoka nacho. Karatasini palibaki paji la uso, shavu moja, bega na mkono. Ndevu, mdomo na lile jicho la kukunja vilikuwa juu ya kioo. Nilitoka nje nikasimama uani. Niliporudi nilikuta Bi Zaituni anamwambia Oliva amletee maji ya kunywa huyo mzee wa watu.

Kesho yake tulikwenda Mollo, sote watatu, picha ikiwa imelala juu ya magoti yetu. Mwalimu Gaudensia alikuwa amekaa juani, sweta mbili kama kawaida. Nilimweleza yote, tangu honi ya lori. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alimgeukia Bi Zaituni, akampa pole, wakaulizana habari za watoto na wajukuu, na mimi nikakaa pale kama gunia. Kisha akamwomba Oliva amwelezee kilichobaki na kilichoondoka. Oliva alieleza kidogokidogo, kama anayemsomea mtu barua.

Bi Zaituni aliuliza kama Mwalimu anaweza kumchora jicho jingine.

“Naweza kumwelekeza huyu binti achore,” Mwalimu alisema. “Lakini litakuwa jicho la mtu nisiyemkumbuka vizuri. Hicho kioo mmekiosha?”

Oliva akasema bado.

“Msikioshe. Kirudisheni palepale kilipokuwa, msikisogeze hata unywele.” Ndipo akaniangalia, au akaangalia upande wangu. “Na wewe umwekee vipapi ulivyomnyima.”

Nilivikata usiku na mchana, kwa maana ya kwamba niliporudi nyumbani niliendelea kuvikata kichwani. Vilikuwa vyembamba kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Tulikausha kila kitu, tukarudisha karatasi, tukaweka vipapi, tukashusha kioo kilichobeba nusu ya sura, upande wa rangi ukitazama ndani. Oliva alilinganisha ukingo wa ndevu na ukingo wa shavu kwa lenzi ya kusomea ya katibu. Tukaitundika.

Mwanzoni haikuwa uso. Jicho lilikuwa limeteleza kuelekea sikioni. Bi Zaituni akasogea kushoto, likateleza zaidi. Akasogea kulia hatua moja, nusu hatua, akasimama. Nikasimama nyuma yake. Pale, na pale tu, kioo na karatasi vilikutana, na Mzee Hamisi akawa anatuangalia kwa lile jicho lake kama anayekagua ubao.

“Hapa,” alisema Bi Zaituni. Hakusogea kwa muda. Baadaye alisema mkeka wake atautandika mahali hapo, na wanawe wakitaka kumwona baba yao itabidi waje wakae karibu naye. Aliniaga kwa kunishika mkono kwa mikono miwili, akasema Hamisi angenicheka sana.

Mwalimu Gaudensia hakuzungumza nami kwa majuma mawili. Kisha akatuma ujumbe kwa simu ya mdogo wake kwamba kiti chake kimelegea mguu, na fundi mwaminifu akipatikana aje. Nilikwenda siku hiyohiyo.

Tangu wakati huo chamani kuna utaratibu mmoja ambao niliuomba mwenyewe kwenye mkutano: hakuna fremu inayotoka kabla mtu wa pili hajaichungulia pembeni na kuandika jina lake nyuma. Wapo waliolalamika kwamba inachelewesha. Ni kweli, inachelewesha.

Nimalizie na siku mliyoniaga nilipostaafu, kwa kuwa mlinipa koti jipya na sikupata nafasi ya kushukuru vizuri. Wanachama walikuwa wamejaa vyumba vyote viwili, mwenyekiti ana karatasi ya hotuba, pilau limeshapakuliwa. Mwalimu Gaudensia aliletwa kutoka Mollo, akakalishwa mbele. Mezani palikuwa na fremu yangu ya mwisho, niliyoimaliza asubuhi, picha ya mashamba ya ulezi aliyoichora mwanachama mmoja wa Mollo. Kilichobaki ni jina la mtu wa pili. Oliva aliinua fremu, akaielekeza dirishani, akachungulia pembe zote nne kwa zamu. Akairudisha mezani bila kuandika.

“Mzee, kipapi cha chini kinacheza,” alisema.

Mwenyekiti akacheka, akasema leo ni siku ya kuagana, hilo litaangaliwa Jumatatu. Oliva alikuwa ananitazama mimi, macho yana machozi kidogo, kalamu bado iko mkononi. Nikavua koti jipya, nikalitundika, nikatafuta koleo la kung'olea misumari. Nyuma yangu nilisikia minong'ono, kisha sauti ya Mwalimu Gaudensia ikiuliza kwa nini hatuanzi. Mtu mmoja akamnong'oneza sababu.

“Funikeni chakula,” Mwalimu aliwaambia. “Tutasubiri.”